SDSC, SDHC, SDXC: kuchagua kadi ya kumbukumbu kwa mikrokontrola na kuiunganisha ipasavyo

Kadi ya kumbukumbu ikikataa kusomeka kwenye mradi wa mikrokontrola, wengi hukimbilia kununua kadi nyingine. Mara nyingi kadi ni nzima. Tatizo huwa katika mojawapo ya sehemu tatu: programu inatuma anwani kwa utaratibu wa aina nyingine ya kadi, mfumo wa faili uliomo haufahamiki na maktaba inayotumika, au umeme na waya havihimili kasi iliyowekwa. Anayejua viwango vya kadi vinatofautiana wapi hasa ataitambua sehemu yenye kosa kwa dakika chache, na mara nyingi kadi aliyonayo itamtosha.

Maandishi yaliyo juu ya kadi

Kadi moja ya microSD inaweza kuwa na alama sita: SDHC au SDXC, ujazo, C10, U3, V30, A1, pengine na namba ya Kirumi I. Alama hizo zinazungumzia mambo tofauti, na kwa mikrokontrola ni ya kwanza tu inayobadilisha namna ya kuandika programu.

SDSC ndiyo kadi ya awali, iliyotangazwa mwaka 1999, yenye ujazo usiozidi GB 2. Huja na mfumo wa faili wa FAT16, au FAT12 kama ni ndogo sana. SDHC ilikuja mwaka 2006 na toleo la 2.0 la kiwango cha SD. Inaanzia juu ya GB 2 hadi GB 32, na huja na FAT32. SDXC, ya mwaka 2009, inaanzia juu ya GB 32 hadi TB 2 na huja na exFAT. Mwaka 2018 ikaongezwa SDUC ya hadi TB 128, ambayo haina nafasi katika miradi ya mikrokontrola, ipite tu.

Kati ya SDSC na SDHC kuna badiliko la kweli katika mazungumzo ya kadi na kifaa, nalo nitalieleza kwa kirefu hapo chini. Kati ya SDHC na SDXC, kwa anayetumia SPI (basi la waya chache linalounganisha mikrokontrola na vifaa) kwa kasi ya kawaida, amri ni zilezile. Kinachozuia SDXC kusomeka ni exFAT. Kwa hiyo kadi ya GB 64 ikikataliwa na maktaba inayojua FAT16 na FAT32 peke yake, suluhisho ni kuiundia FAT32. Kifaa cha kufomati cha Windows kwa miaka mingi kilikataa kuunda FAT32 inayozidi GB 32, jambo lililowafanya wengi waamini kwamba haiwezekani. Kwenye Linux amri ni hii:

mkfs.fat -F 32 -s 64 /dev/sdX1

Namba 64 inaweka klasta za KB 32, zinazofaa kadi kubwa. Kabla ya kuiandika, angalia jina la kadi yako kwa lsblk, maana ukikosea herufi utafuta diski ya kompyuta yako.

Alama za kasi hazina utata. C2, C4, C6 na C10 maana yake ni MB 2, 4, 6 na 10 kwa sekunde, zikiwa kiwango cha chini kinachoahidiwa kwa uandishi wa mfululizo. U1 ni MB 10, U3 ni MB 30, na V30 ni MB 30 vilevile. Zote hizi zilitungwa kwa ajili ya kamera. Mikrokontrola inayotumia SPI kwa MHz 25 haiwezi kupita kama MB 3 kwa sekunde hata nadharia ikitimia yote. Arduino Uno, ambayo SPI yake inaishia MHz 8, haifiki hata hapo. Kulipia V30 kwa ajili ya Uno ni kutupa fedha.

A1 na A2 ni habari nyingine. Zinapima uandishi wa vipande vidogo vilivyotawanyika: A1 inaahidi usomaji 1,500 na uandishi 500 kwa sekunde, A2 usomaji 4,000 na uandishi 2,000. Kwa bodi inayoendesha Linux kutoka kwenye kadi, A1 ina faida inayoonekana. A2 hufikia namba zake pale tu kifaa kinapotumia foleni ya amri na akiba ya ndani ya kadi, vitu ambavyo maktaba za mikrokontrola hazina. Ukiwa na A1 usiiache kwa sababu ya A2.

Namba ya Kirumi I au II inahusu UHS, yaani kasi za juu za basi. UHS-I inashusha volteji ya ishara hadi V 1.8 na kufikia MB 104 kwa sekunde. UHS-II ina safu ya pili ya pini na kufikia MB 312. Kadi hizi zote huanza na V 3.3 na hubaki hapo zisipoombwa kuhama, kwa hiyo zinafanya kazi bila shida kwenye soketi ya kawaida, kwa kasi ya kawaida.

MMC, eMMC na CompactFlash

MMC ilitangulia SD, mwaka 1997. Kadi yake ina urefu na upana uleule wa SD, mm 32 kwa 24, lakini ni nyembamba: mm 1.4 badala ya 2.1, na ina pini 7 badala ya 9. Inaingia kwenye soketi ya SD, ila haijibu amri ya kuamshwa ya SD (ACMD41), inataka amri ya CMD1. Ukiokota kadi ya zamani isiyojibu ACMD41, jaribu CMD1 kabla ya kuitupa.

eMMC ni mrithi wa MMC aliyelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Ina laini 8 za data na hufikia MB 400 kwa sekunde kwenye hali ya kasi iitwayo HS400, lakini za kisasa hazina SPI kabisa. Unahitaji mikrokontrola au prosesa yenye kidhibiti cha SDMMC (sakiti ya kuzungumza na kadi kwa basi lake la SD/MMC badala ya SPI), na umbo lake la mipira 153 chini ya chipu halilehemiki kwa pasi ya mkono.

CompactFlash, ya mwaka 1994, ina pini 50 na huzungumza kwa mabasi sambamba kama diski ya IDE. Kwa laini nane za data pamoja na za anwani na udhibiti itakula pini nyingi mno. Isipokuwa unakarabati mashine ya zamani inayoitaka, iache.

Pini

Kadi kubwa na microSD hazina mpangilio mmoja wa pini, na hapo ndipo waya hukosewa. Kwa SPI:

Kadi kubwa ya SD: 1 ni CS (laini ya kuchagua kadi), 2 ni DI (data kuingia kwenye kadi), 3 ni ardhi, 4 ni umeme, 5 ni mapigo ya saa, 6 ni ardhi, 7 ni DO (data kutoka), 8 na 9 hazitumiki.

microSD: 1 haitumiki, 2 ni CS, 3 ni DI, 4 ni umeme, 5 ni mapigo ya saa, 6 ni ardhi, 7 ni DO, 8 haitumiki.

"Hazitumiki" haina maana ya kuziacha zikielea. Pini hizo, yaani DAT1 na DAT2, zivute juu kwa rezista ya kΩ 10 hadi kΩ 47 kwenda V 3.3, pamoja na DI, DO na CS. Kadi nyingine hufanya kazi bila rezista hizo, nyingine hupoteza mwelekeo pale tu mikrokontrola inapowaka na pini zake bado hazijawekwa. Laini ya mapigo ya saa haihitaji kuvutwa.

Kitufe cha kuzuia kuandika kilicho ubavuni mwa kadi kubwa hakimo katika microSD. Hata kwenye kadi kubwa ni kipande cha plastiki kinachogusa swichi ya soketi, na kadi yenyewe haijui kimewekwa upande gani. Soketi yako isipopeleka swichi hiyo kwenye pini ya mikrokontrola, haizuii chochote.

Umeme na volteji ya ishara

Kadi inataka V 2.7 hadi 3.6. Mikrokontrola ya V 5 ikiunganishwa moja kwa moja, kadi inaweza kuonekana inafanya kazi kwa muda, kisha ikafa. Laini tatu zinazoingia kwenye kadi (CS, DI na saa) lazima zishushwe. Kigawanyo cha rezista cha kΩ 1.8 juu na kΩ 3.3 chini hutoa V 3.24 kutoka V 5, na kinatosha hadi kama MHz 4. Kwa kasi zaidi ya hapo kingo za ishara huanza kulala. Tumia chipu kama 74LVC125 inayolishwa kwa V 3.3. DO haihitaji kushushwa, maana V 3.3 kwa kawaida husomwa kama juu na mikrokontrola ya V 5 kama ile ya Uno.

Kasi ya kawaida inaruhusu kadi kuvuta hadi mA 100, na kasi ya juu hadi mA 200. Uvutaji huo huja kwa mafungu makali pale kadi inapofuta na kuandika. Pini ya 3.3V ya Arduino Uno imepimwa kwa mA 50, kwa hiyo kadi itaamka vizuri, itasoma vizuri, na itaanguka kwenye uandishi wa kwanza. Ukiona usomaji ni sawa na uandishi unashindwa, pima umeme kwanza. Weka kapasita ya nF 100 na nyingine ya µF 10 karibu kabisa na pini ya umeme ya soketi. Ikiwa kadi itachomekwa mashine ikiwa imewashwa, ongeza hadi µF 47, kwa kuwa kuchaji kwa ghafla kapasita zilizomo ndani ya kadi kunaweza kushusha volteji hadi mikrokontrola ianze upya.

Moduli za bei nafuu zenye regulata na 74LVC125 zina kasoro moja inayojulikana: katika nyingi, bafa ya laini ya DO imeunganishwa iwe imewashwa wakati wote. Kadi isipochaguliwa, moduli bado inaishikilia laini ya DO, na kifaa kingine cha SPI kwenye basi hilo hilo, kama skrini au redio, hakisikiki. Dalili ni kwamba kila kifaa kinafanya kazi peke yake, vikikaa pamoja vinakataana. Chomoa DO ya moduli kwenye basi la pamoja na uipe SPI yake, au tumia soketi tupu isiyo na chipu ikiwa mikrokontrola yako ni ya V 3.3.

Kuamsha kadi kwa SPI

Maktaba itafanya haya yote kwa niaba yako, lakini kosa likitokea ni vizuri kujua lilipotokea. Chapisha jibu la kila amri kwenye skrini ya serial, kisha fuatana nalo.

Weka SPI katika hali ya 0, kasi kati ya kHz 100 na 400. Umeme ukishafika, subiri angalau ms 1. Ukiwa umeiweka CS juu na DI juu, tuma mapigo yasiyopungua 74. Baiti kumi za 0xFF hutoa 80 na zinatosha. Hatua hii ikirukwa, kadi zingine hujibu na zingine hukaa kimya, ndiyo sababu programu moja "inakubali kadi fulani tu".

Shusha CS na tuma CMD0: 40 00 00 00 00 95. Jibu sahihi ni 01, maana yake kadi imeingia SPI na bado haijaamka. Baiti ya mwisho, 95, ni hakikisho la makosa. Kwa CMD0 na CMD8 lazima liwe sahihi, kwa amri nyingine za SPI halikaguliwi mpaka uliwashe kwa CMD59. Ukipata FF tupu, kadi haikusikii: waya, CS au umeme. Ukipata 00 tupu, DO imeshikiliwa chini na kitu kingine, au imeguswa na ardhi.

Tuma CMD8: 48 00 00 01 AA 87. Kadi ya toleo la 2.0 au zaidi itajibu 01 ikifuatiwa na 00 00 01 AA. AA ni baiti yako mwenyewe inayorudishwa. Ikirudi imeharibika, laini ina kelele na hakuna haja ya kuendelea. Ukipata 05, amri haijulikani: ni SDSC ya toleo la kwanza au MMC.

Sasa rudia jozi ya amri: CMD55 (77 00 00 00 00 01), kisha CMD41 (69 40 00 00 00 01), ambazo kwa pamoja ndizo ACMD41. Ile 40, baiti ya pili ya CMD41, ni biti inayotangaza kwamba programu yako inajua kadi za ujazo mkubwa. Usipoiweka, SDHC haitaamka kamwe. Itaendelea kujibu 01. Rudia hadi jibu liwe 00, na uipe kadi hadi sekunde moja. Wengi huweka muda wa ms 100, kisha wanalalamikia kadi kubwa.

Maliza kwa CMD58 (7A 00 00 00 00 01). Utapata baiti ya hali na nyingine nne. Angalia biti ya 30 ya hizo nne, yaani biti 0x40 ya baiti ya kwanza. Ikiwa ni 1, kadi ni SDHC au SDXC. Ikiwa ni 0, ni SDSC, na inabidi utume CMD16 yenye 512 ili kuweka ukubwa wa bloku. Baada ya hapo ndipo unapandisha kasi.

Mikrokontrola ikiwa na vifaa vingine kwenye SPI hiyo, weka CS zao zote juu kabla ya kuamsha kadi, na iamshe kadi kwanza. Kabla haijaingia SPI, kadi hutafsiri mazungumzo ya wengine kama amri zake. Kisha kila mara ukipandisha CS, tuma baiti moja ya 0xFF: kadi huachia DO pale tu inapopata mapigo baada ya CS kupanda.

Mtego wa anwani

Biti hiyo moja ndiyo kiini cha tofauti ya SDSC na SDHC. SDSC huhesabu anwani kwa baiti, SDHC na SDXC huhesabu kwa sekta za baiti 512.

Chukua mfano wa kusoma sekta ya 8192, mahali ambapo mgawanyo wa kwanza wa kadi za SDHC huanzia mara nyingi. Kwa SDHC, CMD17 (amri ya kusoma sekta moja) hubeba 8192, yaani 00 00 20 00. Kwa SDSC inabeba 8192 × 512 = 4,194,304, yaani 00 40 00 00. Ukizidisha kwa 512 kwenye SDHC, utasoma mahali palipo GB 2 mbele ya ulipotaka, na kadi haitalalamika kwa sababu anwani ipo. Ukipewa sufuri tupu utadhani kadi imefutika. Ukikosea kinyume chake kwenye SDSC, utasoma sekta ya 16, au kadi itajibu kosa la anwani, biti 0x20, pale namba isipogawanyika kwa 512.

Kinachowachanganya watu ni kwamba sekta ya 0 ina anwani 0 kwa kadi zote. Jedwali la migawanyo litasomeka, alama 55 AA mwishoni mwake itaonekana, kisha hatua inayofuata itadai kwamba hakuna mfumo wa faili. Ukiona mpangilio huo wa matukio, usifomati upya. Kagua programu inashughulikiaje biti ya 30.

Ujazo nao husomwa tofauti. SDHC na SDXC: (C_SIZE + 1) × KB 512, ambapo C_SIZE ni namba ya ujazo inayotangazwa na kadi yenyewe. Kadi yenye C_SIZE ya 15,159 ina MB 7,580, ambayo ni kadi inayouzwa kama GB 8. Kwenye SDSC, C_SIZE huunganishwa na namba nyingine mbili, na kadi za GB 2 hutangaza bloku za baiti 1,024. Programu iliyokaza 512 itaonyesha GB 1 na kuacha nusu ya kadi.

SPI au SDMMC

SPI inatosha kwa kurekodi joto, mahali, mwendo au matukio. Kwa picha, sauti ya njia nyingi au skrini yenye picha kubwa, tumia kidhibiti cha SDMMC chenye laini 4 za data ikiwa chipu yako inacho, kama ESP32 na STM32 nyingi. Kwa MHz 25 laini nne hutoa hadi MB 12.5 kwa sekunde, na kwa MHz 50 hadi MB 25.

ESP32 ya awali ina shida yake. SDMMC hutumia GPIO 14 kwa saa, 15 kwa amri, na 2, 4, 12, 13 kwa data. GPIO 12 husomwa wakati wa kuwaka ili kuamua volteji ya kumbukumbu ya ndani ya moduli. Rezista ya kuvuta juu inayohitajiwa na kadi huifanya ichague V 1.8, na moduli ya V 3.3 haiwaki. Njia rahisi ni kutumia laini moja ya data, ambayo haigusi GPIO 12. Kuna pia amri ya kuchoma fyuzi ya volteji, espefuse.py set_flash_voltage 3.3V, lakini ikishachomwa hairudi. GPIO 2 nayo ikivutwa juu huzuia kupakia programu. Kuiondoa kadi wakati wa kupakia hakusaidii rezista ikiwa imelehemiwa.

Waya za majaribio zenye urefu wa cm 20 huanza kuleta makosa SPI ikipandishwa. Ziwe chini ya cm 10, ardhi ipite karibu na saa, na uanze na MHz 4. Kila kitu kikitulia ndipo upande. Kwenye bodi iliyochapwa, rezista ya Ω 22 hadi 33 kwenye laini ya saa, karibu na mikrokontrola, hutuliza mtikisiko wa kingo.

Kuandika bila kupoteza data

Kasi iliyoandikwa kwenye kadi ni kiwango cha chini cha wastani wa mfululizo. Katikati, kadi husimama kupanga mambo yake ya ndani huku ikishikilia DO chini. Kiwango kinairuhusu ms 250 kwa uandishi mmoja, na SDXC hadi ms 500. Data ya kihisi haisubiri. Kwa hiyo ukubwa wa bafa hutokana na hesabu moja: kasi ya data mara muda wa kusimama.

Sauti ya stereo ya biti 16 kwa Hz 44,100 ni baiti 176,400 kwa sekunde. Kwa ms 250 unahitaji baiti 44,100. Chukua KB 64 ili uwe salama, ambazo ESP32 inazo. Uno ina KB 2 za kumbukumbu zote, na maktaba ya SD inachukua baiti 512 kwa bafa yake peke yake. Hakuna kadi ya bei yoyote itakayoiwezesha Uno kurekodi sauti hiyo.

Kuhusu kufunga au kusukuma faili baada ya kila mstari: kila msukumo huandika sekta ya data na sekta ya orodha ya faili, na wakati mwingine jedwali la FAT pia. Mstari mmoja kwa sekunde ni misukumo 86,400 kwa siku, yaani uandishi zaidi ya 170,000, karibu nusu yake ukilenga sekta ileile ya orodha. Kadi husambaza uchakavu ndani, lakini kila sekta moja inaweza kuilazimu kuhamisha bloku nzima. Kusanya mistari hadi ijae baiti 512, andika kwa mkupuo, kisha sukuma kila dakika au kila dakika tano kulingana na kiasi cha data unachoweza kuvumilia kukipoteza.

Umeme kukatika katikati ya uandishi ni hatari kubwa kuliko uchakavu, kwa sababu unaweza kuharibu hata sekta ambazo hukuwa unaziandika. Weka kigunduzi cha volteji kwenye chanzo cha umeme na kapasita kubwa itakayoshikilia V 3.3 kwa muda wa kutosha kumaliza uandishi mmoja na kufunga faili. Kwa kadi ya mA 100 inayohitaji ms 250, ukiruhusu kushuka kwa V 1 kabla ya regulata, hesabu ni 0.1 × 0.25 ÷ 1 = F 0.025, yaani µF 25,000, mbali na mahitaji ya mikrokontrola yenyewe. Kapasita za aina ya superkapasita zinaingia hapa vizuri.

Majina ya faili kwenye maktaba ya SD inayokuja na Arduino ni ya herufi 8 na tatu za mwisho. REKODI01.CSV litakubaliwa, rekodi_ya_joto.csv litashindwa kimya. Ukihitaji majina marefu au exFAT, tumia maktaba ya SdFat. Kwenye maktaba ya FatFs, exFAT huwashwa kwa FF_FS_EXFAT, ambayo inadai majina marefu yawashwe pia na huongeza matumizi ya kumbukumbu.

Kwa kifaa cha betri, usitegemee kadi ilale vizuri. Tofauti kati ya kadi na kadi ni kubwa mno. Kata umeme wake kwa MOSFET ya P, na kabla ya kukata funga faili, kisha ziweke pini zote za SPI chini. Pini moja iliyobaki juu italisha kadi kupitia diodi zake za ulinzi, itabaki nusu hai, na haitaamka vizuri utakapoirudishia umeme. Rezista za kuvuta nazo ziunganishwe upande wa umeme unaokatwa.

Kadi bandia, na wakati wa kuacha kadi kabisa

Kadi ya bandia hutangaza ujazo isiokuwa nao. Huandika vizuri hadi inapofika mwisho wa kumbukumbu halisi, kisha hutupa data au kuiandika juu ya ile ya mwanzo bila kutoa kosa. Katika kirekodi cha taratibu utaligundua hilo miezi kadhaa baadaye. Kabla ya kadi yoyote kuingia kwenye mradi, ijaze yote na uisome: kwenye Linux f3write kisha f3read, kwenye Windows H2testw. Baada ya hapo ifomati kwa programu ya SD Association, ambayo hulinganisha mwanzo wa mgawanyo na mipaka ya bloku za kadi.

Kifaa kitakachokaa kazini miaka mingi, kwenye joto au mtetemo, kinataka kadi ya viwandani yenye pSLC, ambayo huhifadhi biti moja kwa seli na hivyo kuvumilia uandishi mara nyingi zaidi, au eMMC. Toleo la 5.0 la eMMC na yanayofuata hutoa makadirio ya uchakavu wake. Kwenye Linux yasome kwa mmc extcsd read /dev/mmcblk0, ukitafuta mistari ya Life Time Estimation. 0x01 ni hadi asilimia 10 ya maisha iliyotumika, 0x0A ni kati ya 90 na 100, na 0x0B ni kwamba imepita makadirio. Na kama data yako yote ni MB chache, huhitaji kadi: W25Q128 ya MB 16 hulehemiwa kwenye SPI ileile, hufutwa kwa sekta za KB 4, na haina soketi ya kulegea.